Nyati wa Senti Tano

Siku mgeni alipokuja na kioo chake tulikuwa hawa. Mimi, mke mdogo wa marehemu. Mke mwenzangu, yule mkubwa, aliyenipokea nikiwa msichana katika boma hili, na hadi leo tunapika jiko moja. Shemeji yangu, mdogo wa mume wetu, ambaye sasa ndiye mzee wa ukoo hapa Busawe. Mwanangu wa mwisho, mwendesha bodaboda. Mpwa wa mume wangu, mtoto wa dada yake, anayebadilisha fedha Sirari, upande wetu wa mpaka. Na mgeni mwenyewe, aliyeletwa na huyo mpwa, ambaye hakuwa ndugu wa mtu yeyote pale ndani.

Majina yao yote ninayo, na ya baba zao, na ya babu zao. Siyaandiki. Jina ukilitamka linapita na upepo, lakini ukiliandika linabaki pale linasubiri, na jambo hili bado halijaisha. Mwanangu amekatwa mguu wa kulia, chini ya goti. Ninachoogopa sasa ni ule wa kushoto.

Nianze na hela.

Niliipata kwa nesi wa Kimarekani, enzi za zahanati ya misheni, wakati mzaliwa wangu wa kwanza alipougua kichomi. Tulilala pale siku nyingi, niliacha mahindi yakiwa mafupi nikarudi yameshatoa ndevu. Yule nesi alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mikono mikubwa ya mtu aliyewahi kulima. Kiswahili kikimkwama anachomeka Kikurya, na Kikurya kikimkwama anacheka. Akimaliza kugawa dawa za mchana alikuwa anakaa kwenye benchi la nje na kufungua kitu kama kitabu, majalada yake karatasi ngumu ya bluu. Hakikuwa kitabu cha kusoma. Ndani kilitobolewa matundu ya mviringo, mistari kwa mistari, na katika kila tundu imebanwa hela, na chini ya kila tundu umeandikwa mwaka. Hela zote zilikuwa za namna moja.

"Baba yangu alinipa nikiwa mdogo," aliniambia. "Nikitumwa dukani, natazama chenji. Nikiona mwaka ambao sina, naweka hapa."

"Halafu unanunua nini?"

"Sinunui."

"Hela ya kutonunua."

"Ya kutazama tu."

Nikamwambia kwetu kitu cha kutazama tu ni maiti. Alilipokea lile neno kama mtu anayepokea kitu cha moto, kisha akacheka.

Akanipa kitabu nikishike. Upande mmoja wa hela kulikuwa na uso wa mwanaume, nywele amesuka, manyoya ya ndege kichwani. Hakutazami. Anatazama pembeni kama mtu aliyeombwa salamu akakataa kuitika. Upande wa pili kulikuwa na mnyama, amejaa hela yote toka ukingo hadi ukingo, kichwa ameinamisha, mgongo umepanda.

"Nyati," nesi akasema.

"Huyu si nyati. Nyati gani ana nundu na ndevu?"

"Nyati wa kwetu."

Ndipo akanieleza. Alisema nchini kwao hawa walikuwa wengi kama nyumbu wanavyopita huku kwetu kwenye mbuga, mtu anaweza kukaa asubuhi mpaka jioni wasiishe kupita. Wakauawa kwa bunduki, wengi bila kuliwa, mpaka wakabaki wa kuhesabika. Watu waliokuwa wakiishi nao, hao wenye nywele za kusuka, nao wakafukuzwa kwenye ardhi yao. Yalipokwisha hayo, serikali ikawaweka wote wawili kwenye senti tano, mtu huku, mnyama huku.

"Baada ya kuwamaliza," nikasema.

"Baada ya kuwamaliza."

Nikamuuliza yule mwanaume ni wa ukoo gani, jina lake nani. Akasema si mtu mmoja. Mchongaji alitazama wanaume watatu, akachanganya nyuso zao akapata hiyo moja. Nikasema, basi huyu hajawahi kuzaliwa. Akasema hapana, hajazaliwa. Nyati ndiye aliyekuwepo. Wanasimulia alikuwa amefungiwa kwenye bustani ya wanyama mjini, na alipozeeka wakamchinja, nyama ikauzwa. Nikauliza kama waliomla walikuwa na sura yake mifukoni. Akasema hajawahi kulifikiria hilo, na kwamba inawezekana.

Alikuwa anazijua zile hela kama mtu anavyojua ng'ombe wake. Zile za mwanzo kabisa nyati alisimama juu ya kichuguu, na maneno ya thamani yakawa juu ya kichuguu hicho, yakafutika upesi kwa kushikwashikwa. Mwaka huohuo wakakisawazisha kichuguu. Lakini mwaka wenyewe waliuacha kwenye bega la yule mwanaume, mahali palipoinuka, kwa hiyo ukawa wa kwanza kulika. Hela ilitembea mikononi mwa watu, bega likalainika, mwaka ukapotea. Waliacha kuzitengeneza kabla ya ile vita kubwa ya pili. Nyingi zilizobaki, alisema, hazijui zilizaliwa lini.

Siku tunaruhusiwa alinipa moja. Bega lake lilikuwa laini kama kokoto ya mtoni. "Hii haina mwaka," akasema, "kwa hiyo haina tundu kwangu. Mpe mtoto achezee." Kwa hiyo mimi nilijua tangu siku ile kwamba hela ile kwa wenye kukusanya haikuwa kitu. Ilikuwa ile iliyokosa mahali.

Ila sikujua ingekuwa nini kwetu. Ukoo wa mume wangu mnyama wao ni nyati. Hawamli, hawamjeruhi, wakimkuta amekufa porini wanamfunika kwa majani. Nilipofika nyumbani mume wangu aliitazama ile hela akaanza kuigeuzageuza. Shemeji, wakati ule kijana, akasema, "Huyo si wetu. Tazama nundu. Huyo ni ng'ombe wa Kizungu aliyekosa kunyolewa."

Mume wangu akasema, "Nyati ni nyati, hata akienda Ulaya."

"Hajaenda Ulaya, katoka Ulaya."

"Basi amekuja nyumbani."

Akaagiza siagi, akampaka. Wanawake tulicheka. Yeye hakucheka. Tangu siku ile alikaa naye kwenye mkoba wake wa tumbaku, na mtu akija na ugomvi wa mpaka wa shamba alimtoa akamweka chini kati ya wagombanao, aape anayetaka kuapa. Niliona wanaume wazima wakisimama, wakaondoka bila kuapa. Mume wangu alipofariki mkoba ulizikwa naye, hela shemeji akanikabidhi mimi. Alisema iliingia kwa mkono wangu, ikae kwangu. Nikaiweka sandukuni chini ya vitenge, na kwa miaka mingi sikuisikia ikizungumzwa.

Mpwa wetu wa Sirari ndiye aliyeizungumza. Alikuja na simu kubwa, picha zimejaa. Alisema kuna mtu upande wa Isebania, ule wa Kenya, ananunua hela kuukuu, na hasa anatafuta ya Kimarekani ya nyati. Lakini si nyati yeyote. Nyati mwenye miguu mitatu.

"Kilema?" mke mwenzangu akauliza.

"Kilema, mama. Huyo ndiye ghali. Mzima bei yake ya kawaida, kilema ananunua trekta."

"Basi na mimi goti hili niuze."

Tulicheka. Mwanangu wa mwisho hakucheka, alichukua simu akaitazama ile picha. Kijana wangu huyu si mvivu. Pikipiki yake ilikuwa imechoka, injini inakohoa kuliko abiria, na tangu alipoacha shule neno lake lilikuwa trekta. Alikuwa akisimama njiani kutazama trekta za watu zikilima kama wengine wanavyosimama kutazama harusi. Aliniomba aione hela. Nikaitoa sandukuni. Akahesabu miguu kwa kucha. Yote ilikuwepo.

"Na mwaka hauonekani," mpwa akasema. "Ila mwaka unarudishwa. Nimeona kwenye simu. Inatiwa maji makali, tarakimu zinapanda zenyewe."

"Yaache," nikasema.

Mwanangu akasema, "Mama, si ya baba? Na mimi si ndiye mtoto wa mwisho, wa kubaki na vitu vya baba?"

Hilo lilikuwa kweli. Kwetu wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya mama na kilichomo. Nikamwachia, nikidhani anataka kuonyesha tu.

Kilichofuata nimekijua kwa kuunganisha, sehemu alinisimulia mwenyewe akiwa kitandani hospitali. Alikwenda nyuma ya nyumba, pale anaponolea panga, akachukua tupa. Akambana nyati kati ya vipande viwili vya mbao, akaanza kusaga mguu wa mbele. Nilisikia ule mlio nikiwa napepeta mtama. Nilidhani ananoa. Tupa ni mnyama mwenye meno, halijui kuchagua, alisaga mguu wote kuanzia tumboni hadi chini kabisa ardhini, pakawa bapa. Halafu akamimina maji ya betri kwenye kikopo cha plastiki, akaitumbukiza, akachuchumaa kusubiri mwaka upande. Alikuwa amevaa ndala. Wakati anaegemea kuchungulia, kikopo kikalala, maji yote yakamwagikia juu ya mguu wa kulia na katikati ya vidole.

Alijimwagia maji kidogo ya ndoo, akajipaka dawa ya meno, akavaa soksi. Hakuniambia. Nilimwona jioni anachechemea nikamuuliza, akasema pikipiki ilimgonga kikanyagio.

Sasa siku ya mgeni. Alikuja mchana kweupe na mpwa wetu, kwa gari, akalisimamisha mbali kwa sababu ya matope. Alikuwa mtu mzima mpole, Kiswahili chake cha upande wa pili. Alisalimia shikamoo kwa kila mzee, akakubali kiti, akakubali uji wa wimbi, akanywa wote. Shemeji alimpenda kwa hilo. Wakaongea mvua. Kisha mgeni akafuta meza kwa leso yake, akatandika kitambaa cheusi, akatoa kioo kidogo kama kifuniko cha chupa akakibana kwenye jicho.

"Huyu jicho lake limeota kizibo," mke mwenzangu akaninong'oneza, sauti yake ikasikika nyumba nzima. Mgeni mwenyewe alitabasamu.

Mwanangu akaiweka hela juu ya kitambaa. Ndipo na mimi nilipoiona, mara ya kwanza tangu nilipomkabidhi. Rangi yake ilikuwa imebadilika, nyeusi yenye vishimo, kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Kwenye bega la yule mwanaume palikuwa na kivuli cha tarakimu. Na nyati alisimama kwa miguu mitatu, mbele yake patupu na panang'aa, chuma kibichi.

Shemeji alikuwa amekaa karibu kuliko mimi. Alikiweka kikombe chake chini polepole sana.

"Nani amemkata?"

Mgeni alikuwa bado anatazama, anageuza, anatazama. Alipoondoa kioo jichoni alikuwa na huruma, nami sikuipenda ile huruma.

"Hii mmeichezea," akasema.

"Kivipi?" mwanangu akauliza. "Si mitatu?"

"Ni mitatu, lakini si ile mitatu." Akatoa simu yake, akakuza picha. "Ona. Ile ya kweli mguu ulipotelea kiwandani. Muhuri wa kugongea hela ulikuwa umekwaruzwa, mfanyakazi mmoja akaupiga msasa kuusafisha, akazidisha, mguu ukaenda na msasa. Lakini kwato halikuenda. Tazama hapa chini, mguu hauko na kwato lipo, limesimama peke yake. Nyinyi mmetoa mpaka kwato."

Tukainama wote kutazama. Kweli lilikuwepo, kwato lisilo na mguu, limesimama ardhini.

"Na huyo aliyepiga msasa," shemeji akauliza, "mguu wake ulikuwaje baadaye?"

Mgeni alidhani ni utani. Akaona hakuna anayecheka. "Sijui, mzee. Sijasikia mtu akisimulia habari zake."

"Hakuna aliyeuliza?"

"Hakuna, mzee."

"Watu wanatafuta ule mguu dunia nzima, na wa kwake hakuna aliyeuliza."

Mgeni akakunja kitambaa. Alimwambia mwanangu kwa upole kwamba hata ingeachwa ilivyokuwa asingeinunua, kwa sababu haikuwa na mwaka, na kwamba hela kuukuu ukishaisugua, hata kwa majivu tu, umeiua. Wanaokusanya wanataka uchafu wake. Wanataka ibaki na mikono yote iliyoishika. Akashukuru kwa uji, akaaga, akatutakia mavuno mema. Hakuna neno baya alilotuachia. Alituachia hela tu, mezani.

Alipotoka shemeji akasema, "Leo hii atafutwe kondoo. Kabla jua halijazama."

"Tata," mwanangu akasema, maana huyo kwake ni baba mdogo, "ni chuma. Nimesaga chuma."

"Umemkata mguu mnyama wa baba yako."

"Si wewe uliyesema huyu si wetu? Tukiwa wadogo tulisimuliwa. Ng'ombe wa Kizungu aliyekosa kunyolewa."

Mpwa wetu akaficha kicheko nyuma ya mkono. Shemeji hakukasirika, ningependelea angekasirika.

"Hakuwa wetu," akasema. "Baba yako akampokea, akampaka siagi, watu wakaapa kwake. Mgeni akishapokewa ni wa nyumbani. Wewe mura, kijana wangu, ungemkata akiwa mgeni ungekuwa umemkosea aliyekuja naye. Umemkata akiwa wa nyumbani."

"Mimi nasali, tata. Hayo siyajui."

"Mguu wako wa soksi moja, una nini?"

Wote tukatazama chini. Ni kweli alikuwa na soksi mguu mmoja, wa kulia, na juu yake ndala. Soksi ilikuwa imelowa rangi ya chai. Mke mwenzangu akasema, "Mwanangu, vua tuone." Yeye akachukua hela mezani, akatoka. Tukasikia pikipiki ikikohoa, ikawaka, ikaenda.

Aliifuata barabara hadi Sirari na mpwa wetu nyuma yake, akitafuta mtu mwingine wa kuinunua. Wenye kujua walimrudishia. Mwishowe dereva wa lori aliyekuwa akisubiri karatasi zake mpakani akaipenda kwa sura yake tu, akasema ataitundika karibu na kioo cha mbele. Hakuwa na fedha za kuchezea, akatoa viatu vyake vya buti, vizima, vikubwa kidogo. Mwanangu akavivaa palepale. Alisema vilimfaa, vilifunika kidonda na aliweza kukanyaga breki.

Alivivaa kila siku. Harufu ndiyo iliyomfichua. Asubuhi moja mkewe alikuja kunigongea, amejifunika pua kwa ncha ya kanga, akasema, "Mama, njoo umvue wewe, mimi amenikataza." Nilimvua mimi. Ukiwa umelea watoto na kuuguza wazee unadhani umeshaona yote. Vidole viwili vilikuwa vyeusi, na alisema haviumi, na hapo ndipo nilipoogopa, kwa kuwa haviumi.

Hospitali wakampima, wakasema ana sukari, tena ya siku nyingi, hakuna aliyeijua. Daktari, kijana mtaratibu, alinieleza kama mtu anayeeleza mama yake. Maji ya betri yalichoma, buti likapika, sukari ikazuia kupona. Akasema kila siku tunayongoja kidonda kinapanda. Nilimwelewa. Kila kitu alichosema kilikuwa na sababu yake na sababu zile ninaziamini.

Shemeji alikuja wodini na fimbo yake, akasimama miguuni pa kitanda.

"Msikate," akaniambia. "Akikatwa kabla ya kutakaswa ni kukubali deni... ni kukubali kwamba mguu kwa mguu. Kwanza hela irudi, jambo lisimuliwe, kondoo achinjwe. Halafu daktari afanye yake."

"Hela iko wapi, shemeji?"

"Itafutwe."

"Na kidonda kingoje?"

Mpwa wetu alikuwa kule mpakani akiuliza dereva mmoja baada ya mwingine, na lori lile lilikuwa limeshakwenda mbali ndani ya Kenya. Mwanangu alinitazama mimi. Mkewe alikuwa analia ukutani, shemeji amesimama, daktari amesimama, na yeye akanitazama mimi, akasema, "Mama, sema wewe."

Nikasema wakate.

Shemeji alichukua fimbo yake, akatoka. Mlangoni aligeuka, akasema bila ukali, "Shemeji, sasa amekatwa mara mbili," na alikuwa hamsemi mwanangu peke yake, alimsema na nyati.

Walikata, na kilipona vizuri. Daktari alifurahi, aliwaita wenzake waje waone kilivyofunga. Mchungaji akaja kushukuru nasi. Mwanangu akarudi nyumbani na magongo, akaanza kutania, akimwambia mke mwenzangu kwamba sasa naye ana bei. Kwa muda nilijiambia yameisha.

Kisha mpwa wetu akaja kutoka Sirari na hela. Alikutana na yule dereva mpakani. Alikuwa amejiandaa kubembeleza, hata na viatu vipya alikuwa amenunua vya kumrudishia. Dereva hakungoja maneno. Alipoiona sura ya mpwa wetu aliichomoa kwenye uzi karibu na kioo, akampa dirishani, viatu akakataa. Mpwa akamuuliza kwa nini, na safari zake zilikuwaje. Dereva akapandisha kioo cha dirisha.

Hakuna aliyetaka iingie nyumbani mwake. Mke mwenzangu ndiye aliyeipokea, akaichomeka kwenye nyasi za paa la banda la kuku. Alisema yeye ni mzee, hana cha kukatwa. Sasa kuku hawalali humo. Anasema ni kicheche. Huenda ni kicheche.

Na juma lililopita, nikimwosha mwanangu mguu uliobaki, kwa kuwa kuinama kunamshinda, niliona kidonda katikati ya vidole. Kidogo tu, kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Nikambonyeza, nikauliza kama anaumia. Akasema, "Wapi, mama?"

Nimempeleka kwa daktari na dawa amepewa, za sukari na za kidonda, na anazimeza mimi nikitazama. Sitaacha hata moja. Lakini pia nimekwenda kwa shemeji. Nilimkuta anasuka kamba ya ndama, nikakaa chini. Akasuka mpaka mwisho wa kamba. Kisha akasema kondoo yupo.

Lakini utaratibu wa ukoo ni mmoja. Kabla kondoo hajachinjwa, na kabla majani ya tumboni mwake hayajapakwa mtu, jambo linasimuliwa lote, tangu lilipoingia hadi lilipofika, mbele ya wote waliokuwepo lilipofichuka. Asiyeweza kufika anatuma neno. Msimuliaji haongezi wala haruki. Akirukwa mtu, shemeji anasema, jambo likitolewa kwetu linakwenda kukaa kwa huyo, kwa sababu aliliona na hakutolewa nalo. Nitasimulia mimi. Ndiyo maana nimeyaandika kwanza, nakala zipelekwe Sirari na upande wa pili wasomewe. Majina nitayataja siku hiyo, kwa mdomo.

Nilimsomea mke mwenzangu jana. Alisikiliza hadi mwisho, akasema nimepatia, ila watu hawajatimia. Anasema wakati tumeinama kutazama lile kwato kwenye simu ya mgeni, mwanga wa mlangoni ulizibwa. Mtu alisimama pale, akasema hodi kwa sauti ndogo, akatazama mezani, akaondoka. Yeye hakumwona uso. Nimeuliza kila mtu, na mgeni ameulizwa kwa simu. Naye anasema ndiyo, kulikuwa na mtu, alidhani ni wa nyumbani.

Mimi sikumbuki. Nimelala na jambo hili na kuamka nalo, nimepita nyumba zote kichwani, jina kwa jina, toka barabarani hadi mtoni, na sikumbuki.

Kwa hiyo mnaosoma, kama mlikuwepo au mlisimuliwa na aliyekuwepo, nisahihisheni palipopinda. Labda halikuwa tupa. Labda hela shemeji hakunipa mimi kwanza. Semeni tu, sitaona vibaya. Na kama ni wewe uliyepiga hodi siku ile, tafadhali njoo, au tuma neno. Kondoo amefungwa kwa shemeji, na tunakungoja wewe tu.